Nani Kasema Kyela Haijui Katiba?

Kauli yenyewe inasikika ya busara, ndiyo maana imedumu. Inasema Watanzania wengi hawaijui Katiba iliyopo, kwa hiyo ni mapema kuwaomba waamue juu ya nyingine, tuwafundishe kwanza. Mwaka 2023 Serikali iliipa kauli hiyo sura rasmi ilipotangaza mpango wa miaka mitatu wa elimu ya Katiba kwa umma. Tangu hapo imekuwa kama sala. Hata baadhi ya wanaharakati wanaoidai Katiba Mpya kwa sauti kubwa huirudia kwenye semina zao, wasione kwamba wanampa mpinzani wao kamba ya kuwafungia.

Mimi naipinga. Naipinga nikiwa Kyela, yaani mahali pa aina ileile wanayoitaja watu hawa wanapotafuta mfano wa mwananchi asiyejua: wilaya ya pembezoni, unateremka kutoka Tukuyu mpaka joto likukute bondeni, mpunga na kakao kila upande, ziwa mbele, mto Songwe kulia na Malawi ng'ambo yake. Huku ndiko hutafutwa mkulima wa kuwekewa kipaza sauti mdomoni na kuulizwa Katiba ina ibara ngapi. Akisita, ushahidi umekamilika.

Swali la ibara ngapi ni la mtihani, na wabunge wengi wangelifeli. Maswali ya katiba ni mengine: nani anashika madaraka, kwa muda gani, anazuiwa na nani, na akikataa kuondoka anatolewa vipi. Kwa maswali hayo, nenda Ipinda siku kikundi cha kukopeshana kinapokutana.

Utakuta meza, na juu yake kasha la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zinashikwa na watu watatu, na hakuna hata mmoja kati yao aliye mwenyekiti, katibu au mweka hazina. Mwenye ufunguo mmoja akichelewa, wote wanasubiri, hata kama mama mwenyekiti ana mgonjwa nyumbani na anataka kuwahi. Pembeni ya kasha kuna kaunta buku lililochakaa kona, na kurasa zake za mwanzo zimeandikwa kwa mkono: madhumuni ya kikundi, sifa za mwanachama, bei ya hisa, riba, faini ya kuchelewa, faini ya simu kuita kikaoni, akidi, muda wa uongozi, namna ya kumwondoa kiongozi kabla ya muda wake, namna ya kurekebisha yote hayo. Kurasa hizo ni katiba ya kikundi. Bila hiyo, pamoja na muhtasari wa kikao kilichoipitisha na sahihi za wanachama, ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri haikisajili kikundi. Bila usajili, mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri wausikie kwenye redio.

Kwa hiyo Serikali ileile inayosema mama huyu haelewi katiba imemdai katiba, imeisoma, imeigonga muhuri, na imemkopesha fedha za umma kwa kuiamini.

Najua nitakachojibiwa: nchi si kikundi. Ni kweli. Nchi ina jeshi, ina mikataba na mataifa, ina mambo ya Muungano yanayowaumiza vichwa hata maprofesa. Lakini hakuna anayemwomba mama wa Ipinda atunge kifungu cha mamlaka ya rufaa. Wanasheria wa kutunga vifungu tunao, tunawalipa. Anachoombwa ni kusema funguo ashike nani na zirudishwe lini, na hilo analifanya kila wiki, kwa fedha yake mwenyewe. Mjumbe wa Bunge Maalumu la Katiba la 2014 alilifanya mara moja maishani, kwa posho ya shilingi laki tatu kwa siku, na wapo waliolalamika kwamba haitoshi.

Wakulima wa kakao nao wana lao. Kwenye mkutano mkuu wa AMCOS, chama chao cha ushirika, kuna ajenda ambayo mgeni kutoka mjini huiona ya kuchosha: makisio ya mapato na matumizi na ukomo wa madeni. Wanachama huipitisha kwa kura. Ukomo wa madeni maana yake ni kwamba viongozi hawawezi kukopa kupita kiasi walichoruhusiwa na wenye mali. Soma Katiba ya Jamhuri ya Muungano uniambie ni ibara gani inampa mwananchi, moja kwa moja, uwezo huo juu ya deni la taifa.

Haya hayakuanza na vikundi vya kukopeshana wala ushirika. Godfrey na Monica Wilson walipokuja kuwachunguza Wanyakyusa miaka ya 1930 walikuta utaratibu uliowashangaza. Malafyale, yaani chifu, hakutawala peke yake. Alikuwa na mafumu, wakuu wa vijiji waliotoka kwa watu wa kawaida nje ya ukoo wa utawala, na hao ndio waliomsema alipokosea. Kila kizazi kilikuwa na ubusoka wake, siku ambayo madaraka ya wazee yalikabidhiwa kwa kizazi cha wana wao hadharani, wazee wenyewe wakiwa bado hai. Sisemi mfumo ule ulikuwa pepo. Wanawake hawakuwa na kiti humo, na wazee walioa wake wengi huku vijana wakisubiri ng'ombe wa mahari. Lakini kuondoka madarakani kwa ratiba, ukiwa hai na akili timamu, ni jambo ambalo mabara mazima yamelihangaikia, na huku bondeni lilikuwa sherehe. Utawala wa Waingereza wa kupitia machifu, ulioanza 1926, uliunyoosha utaratibu huo kwa kumtaka mtu mmoja wa kuwajibika kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa kikoloni.

Sasa tuwatazame waliojua.

Machi 1961, kwenye Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, Iain Macleod, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alikaa na viongozi wa TANU kupanga hatua za kuelekea uhuru. Katiba ya uhuru yenyewe ilitoka London ikiwa imeambatanishwa na amri ya Malkia katika Baraza lake. Mwananchi wa Rungwe, wilaya ambayo Kyela ilikuwa sehemu yake wakati huo, hakuulizwa. Katiba hiyo iliishi mwaka mmoja. Wanaosema kila ubaya wa Katiba yetu ni urithi wa mkoloni waikumbuke hesabu hiyo: kilichotoka London kilidumu kuanzia tarehe 9 Desemba 1961 hadi 9 Desemba 1962. Yaliyofuata tuliyapika wenyewe.

Mwaka 1962 Serikali ilitoa Waraka wa mapendekezo ya Jamhuri. Bunge likajigeuza Bunge Maalumu, wabunge walewale, viti vilevile, na likapitisha Rais mtendaji asiyelazimika kufuata ushauri wa mtu. Hati ya Haki za Binadamu ilikataliwa, kama ilivyokataliwa mwaka uliotangulia, kwa hoja kwamba taifa ni changa, lina kazi ya kujijenga, na haki zilizoandikwa zingeifunga Serikali mikono. Mtu atasema wananchi waliridhia, kwani Novemba mwaka huo walimchagua Nyerere kwa zaidi ya asilimia 98 dhidi ya Zuberi Mtemvu. Walimchagua Nyerere, naam. Kiti alichokalia kilikuwa kimeshachongwa, na hakuna aliyewauliza kuhusu ukubwa wake.

Kisha likaja suala la chama kimoja. Tume iliyoongozwa na Rashidi Kawawa mwaka 1964 ilipewa hadidu za rejea ambazo zinapaswa kufundishwa shuleni. Isiulize kama nchi iwe ya chama kimoja. Hilo TANU ilikwisha kuliamua. Iulize namna tu. Mwaka huohuo Mapatano ya Muungano yaliahidi Bunge Maalumu ndani ya mwaka mmoja ili litunge Katiba ya nchi mpya. Mwaka ulipokaribia kuisha, ilitungwa sheria ya kuahirisha. Mwaka 1965 Bunge la kawaida likapitisha Katiba ya Muda, na katiba ya TANU ikabandikwa humo kama jedwali. Hiyo ya muda ilikaa miaka 12.

Halafu 1977, mwaka unaostahili tukae nao kidogo. CCM ilizaliwa tarehe 5 Februari. Kamati ya watu 20, chini ya Sheikh Thabit Kombo, katibu wake akiwa Pius Msekwa, ndiyo iliyokuwa imetayarisha kuunganishwa kwa TANU na ASP na kuandika katiba ya chama kipya. Rais akawateua watu hao hao 20 kuwa Tume ya kupendekeza Katiba ya nchi. Wabunge wakaitwa kwa jina la Bunge Maalumu, na tarehe 25 Aprili Katiba ikapitishwa. Ni siku 79 tangu chama kizaliwe. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya Muungano. Utangulizi wa Katiba hiyo, ambayo ndiyo tunayoitumia mpaka leo ikiwa na viraka vyake, unasema imetungwa kwa niaba ya Wananchi.

Kati ya Februari na Aprili mwaka ule, elimu ya Katiba ilitolewa wapi? Hakuna aliyesema tusubiri miaka mitatu wananchi wa Kyela waelimike. Wala mwaka 1962 hakuna aliyesema hivyo, wala 1965. Sharti la elimu kwanza halikuwepo katika historia yote ya kutunga katiba za nchi hii wakati waliotakiwa kupitisha walikuwa viongozi wenyewe. Limejitokeza mara moja tu, baada ya sheria kusema mwenye kauli ya mwisho ni mpiga kura. Na ninavyoona mimi, hapo ndipo siri ilipo.

Mpinzani wangu makini, na ninao marafiki wa aina hiyo, atanikumbusha Tume ya Nyalali. Mwaka 1991 Rais Mwinyi alimpa Jaji Mkuu Francis Nyalali kazi ya kuzunguka nchi kuuliza kama tuendelee na chama kimoja. Takribani asilimia 80 walisema tuendelee. Tume ikashauri vyama vingi, na Julai 1992 vikaja. Unaona sasa, ataniambia, wananchi walikosea, wataalamu wakatuokoa.

Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote walizonazo, lakini ina majibu mawili. Kwanza, watu waliulizwa wakati chama cha pili kilikuwa kosa kisheria na mwenyekiti wa kijiji alikuwa ndiye mwenyekiti wa tawi la chama. Chaguo la pili hawakuwahi kuliona likitembea. Hata hivyo, wengi wa waliosema chama kimoja kiendelee walitaka kibadilishwe. Walitaja vitu vya kurekebisha. Hayo si majibu ya mtu asiyejua. Ni majibu ya mtu mwangalifu anayezungumza mbele ya balozi wa nyumba kumi. Pili, na hili marafiki zangu hulipita haraka, Nyalali hakushauri vyama vingi tu. Alishauri Katiba mpya kabisa, alishauri Muungano wa serikali tatu, na alitaja sheria 40 kandamizi za kufutwa au kurekebishwa. Kama tatizo ni kwamba wataalamu wajua na wananchi hawajui, mbona mtaalamu alipoongea naye alichukuliwa kipande kimoja na vingine vikaachwa? Ikaja Kamati ya Jaji Robert Kisanga, 1998. Ripoti yake Rais Mkapa aliikosoa hadharani kwamba imevuka mipaka. Mwaka 2000 Katiba ikarekebishwa ili mgombea urais asihitaji tena kuvuka nusu ya kura; kura nyingi kuliko mwenzake zatosha. Ikaja Tume ya Warioba. Majaji wawili na Waziri Mkuu mstaafu, wote wakaishia kabatini. Ujinga wa nani unaotibiwa hapa?

Kyela yenyewe haikukosa mtaalamu. Mbunge wetu kuanzia 2005 hadi 2020, Dkt. Harrison Mwakyembe, alipata shahada ya uzamivu Hamburg kwa utafiti juu ya Mabadiliko ya Nane ya Katiba ya Tanzania na swali la Muungano. Ni vigumu kumpata mtu aliyeisoma Katiba hii kumzidi. Desemba 2015 akateuliwa Waziri wa Katiba na Sheria. Mchakato wa Katiba ukabaki palepale ulipokuwa, kwa sababu Rais Magufuli alisema Katiba Mpya haikuwa ahadi yake ya kampeni. Simlaumu mbunge, waziri hufuata aliyemteua. Ninachoonesha ni kwamba hata pale elimu ilipojaa mpaka juu, mlango ulifungwa na kitu kingine.

Tuje kwenye mchakato wa 2011 hadi 2014, ambao siku hizi unasimuliwa kama ushahidi kwamba watu wengi wakishirikishwa mambo huvurugika. Usimulizi huo umepinduliwa kichwa chini miguu juu. Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyoanza kazi 2012, ilizunguka wilaya zote. Zaidi ya watu laki tatu walitoa maoni yao kwa mdomo, kwa barua na kwa simu. Kisha yakaja mabaraza ya katiba ya wilaya katikati ya 2013: kijiji kilipiga kura, majina yakapelekwa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ikayachuja kubaki wanne kwa kata. Mchujo ule ulilalamikiwa, na haki ilikuwepo ya kulalamika, maana kamati hizo huongozwa na madiwani. Pamoja na kasoro hiyo, mabaraza yalikaa, yakasoma rasimu ya kwanza ibara kwa ibara, yakasema lao, yakafunga vikao. Hayakuvunja kiti hata kimoja.

Wananchi hao wasiojua walitoa nini? Rasimu ya pili, iliyokabidhiwa tarehe 30 Desemba 2013, ilikuwa na ukomo wa vipindi vya ubunge, haki ya wapiga kura kumrudisha nyumbani mbunge kabla ya muda, mawaziri wasiokuwa wabunge, matokeo ya urais kuhojiwa mahakamani, miiko ya viongozi ndani ya Katiba yenyewe, na serikali tatu. Unaweza kuzikataa serikali tatu. Mimi mwenyewe nina mashaka nazo, hasa juu ya nani atalipia ile ya juu. Huwezi kusema yametoka kwa watu wasioelewa katiba ni nini. Rudi kwenye kaunta buku la Ipinda ulinganishe: muda wa uongozi, namna ya kumwondoa kiongozi, mweka hazina asishike ufunguo. Walisema kitaifa walichokuwa wanakifanya kijijini.

Vurugu zilianzia Dodoma. Februari 2014 Bunge Maalumu lilikutana, wajumbe zaidi ya 600, wengi wao wabunge na wawakilishi, na 201 walioteuliwa na Rais. Wiki nyingi zilikwenda kwenye ubishi wa kura ya siri au ya wazi. Aprili, UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka nje, hawakurudi. Waliobaki, chini ya Samuel Sitta, wakaendelea mpaka tarehe 2 Oktoba, wakapiga kura hata kutoka Makka kwa waliokuwa Hija, wakapata theluthi mbili za pande zote mbili za Muungano, na ukomo wa ubunge na haki ya kumrudisha mbunge vikawa vimetoka. Usishangae, ni nani hujiwekea ukomo? Mwezi mmoja baadaye Warioba alifanyiwa fujo kwenye mdahalo Ubungo, Dar es Salaam, mzee wa miaka yake, kwa kosa la kuitetea rasimu. Kura ya maoni ikapangwa tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa kwa sababu uandikishaji wa wapiga kura haukukamilika. Tarehe nyingine haijatajwa tangu hapo. Nioneshe katika mlolongo huo ni hatua gani iliyoharibiwa na mkulima wa mpunga.

Wengine hawasemi wananchi hawajui. Wanasema hawana shida nayo. Katiba hailiwi, mtu wa Kyela anataka daraja na bei nzuri ya kakao. Hawa naomba niwachukue mpaka ufukweni.

Mvuvi wa Matema anayetoka jioni kufuata usipa na mbasa anaingia kwenye maji ambayo nchi mbili zinabishania. Mapatano ya Wajerumani na Waingereza ya tarehe 1 Julai 1890 yaliuweka mpaka kwenye ufuko wa mashariki, maana yake maji yote ya upande huu ni ya Malawi. Tanzania tangu 1967 inasema mpaka uko katikati ya ziwa. Mwaka 2012, Malawi ilipotoa leseni za kutafuta mafuta, ubishi uliwaka tena mpaka marais wastaafu wakiongozwa na Joaquim Chissano wakaombwa kusuluhisha. Sasa fungua Ibara ya 2 ya Katiba yetu, inayosema eneo la Jamhuri ni lipi. Inataja Tanzania Bara, Tanzania Zanzibar na sehemu ya bahari tunayopakana nayo. Ziwa halimo. Na Tanzania Bara inaelezwa kuwa ni eneo lililokuwa Tanganyika, hivyo unarudishwa kwenye ramani zilezile za wakoloni. Mwanasheria ataniambia mpaka wa kimataifa hauamuliwi na katiba ya nchi moja. Sawa. Lakini waliokaa Dar es Salaam mwaka 1977 waliikumbuka bahari kwa sababu waliiona dirishani. Angekuwepo mmoja wa Matema, angeuliza.

Songwe nao una tabia yake. Mafuriko makubwa yakija, mto unahama njia, na shamba lililolala Tanzania linaamka upande wa pili. Serikali mbili zina mradi wa pamoja wa bonde hilo, na moja ya shabaha zake ni kuutuliza mto ubaki mahali pamoja. Watu wa huku wanaishi na swali la uraia, ardhi na mpaka kila masika. Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa Karonga wanaelewana kwa lugha, wanaoana, wanazikana.

Na kwa kuwa wanazikana, wanapeana habari. Februari 2020 mahakama ya Malawi ilifuta ushindi wa Rais Peter Mutharika, baada ya kuthibitika kwamba fomu za matokeo zilikuwa zimepakwa wino mweupe wa kufutia. Juni wakarudia kura, akashinda Lazarus Chakwera. Kasumulu, hapa mpakani, hakukuwa na mtu asiyeijua habari hiyo. Swali lililofuata vijiweni lilikuwa jepesi: huku kwetu inawezekana? Jibu ni hapana, na limeandikwa. Ibara ya 41(7) inasema Tume ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama itakayochunguza kuchaguliwa kwake. Julai ya mwaka huohuo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ilitoa hukumu kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika. Ibara ipo bado. Kijana wa bodaboda aliyeuliza swali lile pale mpakani alikuwa ameifikia 41(7) bila kufunguliwa kitabu na mtu. Ndiye wanayetaka kumfundisha miaka mitatu.

Sipingi elimu. Wakenya walifundishana sana, lakini walifundishana wakiwa na rasimu mkononi na tarehe ya kura mbele yao. Tarehe 21 Novemba 2005 wakaikataa rasimu ya kwanza, chungwa, alama ya Hapana, likaishinda ndizi, alama ya Ndiyo. Tarehe 4 Agosti 2010 wakaikubali nyingine kwa asilimia 67. Mtu akisoma akijua anakwenda kuamua, anasoma kama anayesoma hati ya kiwanja. Akisoma kwa sababu kuna semina na soda, utampata kwenye picha tu. Wapo watakaonikumbusha damu ya 2007 na 2008. Damu ile ilitoka kwenye matokeo ya urais yaliyobishaniwa na upande ulioona kwenda mahakamani ni kupoteza muda, na Katiba ya 2010 ilizaliwa kutokana na funzo hilo.

Mwaka 2021 tuliambiwa tusubiri uchumi usimame kwanza. Mwaka 2022 Kikosi Kazi cha Profesa Rwekaza Mukandala kikashauri mchakato ufufuliwe. Mwaka 2023 ikaja elimu. Katika kampeni za 2025 ikaja ahadi ya kuuanza mchakato ndani ya siku 100. Ninachotaka ni kidogo kuliko vyote hivyo. Rasimu ya Warioba ipo na Katiba Inayopendekezwa, ile ya Bunge Maalumu, ipo. Zichapwe zote mbili kwa herufi zinazosomeka na wazee, ziletwe Ipinda, Matema na Kasumulu kama vinavyoletwa vipeperushi vya kampeni, na ukurasa wa kwanza ubebe tarehe ya kura. Sheria ya Kura ya Maoni ilitungwa 2013. Inataka zaidi ya nusu ya kura za Bara na zaidi ya nusu ya kura za Zanzibar. Haijatumika hata siku moja.